Binti yangu anapakwa mvi za unga, hawe (bibi yangu) anaficha zake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa upande wa Kisauni. Kwetu ni Ganze, Mgiriama kwa baba na kwa mama. Mume wangu ni mtu wa bara.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wa binti yangu alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Shule itaadhimisha Mashujaa siku chache kabla ya sikukuu yenyewe ya tarehe 20 Oktoba, na kila darasa limepewa shujaa wake. Gredi ya tano wamepata Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, na Kadzo wangu ndiye aliyechaguliwa kuwa Mekatilili. Nilifurahi nusura nilie. Usiku uleule nikapiga simu nyumbani kuwaambia.

Kisha ukaja ujumbe wa mahitaji. Hando, lile vazi la marinda la wanawake wa Kigiriama, la kukodi, shilingi 800, yuko fundi mjini analo. Shanga. Kitambaa cha mabaka ya chui cha kufunga begani. Mkongojo. Na unga wa ngano kidogo wa kumpaka kichwani aonekane ana mvi. Maneno ya kukariri, hakuna. Nilimuuliza mwalimu mtoto atasema nini, akaniambia hatasema, atapita jukwaani muziki ukipigwa, atingishe kidogo, apigwe picha, halafu waingie gredi ya sita na shujaa wao.

Jumamosi tukaenda kulijaribu hilo hando. Ni nailoni, Shangazi. Kiunoni lina mpira kama sketi ya michezo, na pindoni limeshonewa utepe unaometameta. Kadzo akajizungusha mbele ya kioo. Kulikuwa na wasichana wawili wa shule yao pale dukani, wakamcheka wakimwonyesha kidole makalio. Tukiwa njiani akaniuliza, "Mama, Wagiriama walikuwa wakivaa hivi kwa sababu hawakuwa na nguo?" Nikakosa jibu. Nikamuuliza yeye, Mekatilili alikuwa nani? Akasema, "Yule bibi aliyempiga mzungu kofi." Basi.

Mume wangu anasema huo ni mchezo wa watoto, nisikuze mambo. Wazazi wenzangu kwenye kundi wanatuma vikopa na bendera. Mimi nimefikia kutaka kumwambia mwalimu kwamba mtoto ataugua siku hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa kidato cha pili, hawe alikuja kunitembelea bwenini siku ya wazazi. Alitoka Ganze alfajiri, amevaa hando lake jeupe na leso juu, amenibebea mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu. Wasichana wakaniuliza yule ni nani. Nikasema ni jirani yetu. Alisikia, alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alinipa kikapu, akaniuliza masomo, akaondoka mapema kuliko alivyokusudia. Hatujawahi kulizungumza mpaka leo.

Hawe yuko hai, ameshapita miaka 80. Hando bado analo, limo sandukuni. Siku hizi kila mwezi hupaka nywele dawa nyeusi. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Huku kwetu mvi zinaua, mwanangu."

Nimtoe mtoto? Na kama simtoi, nifanye nini siku ile iwe na maana?

Mama Kadzo, Mombasa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Usimtoe. Na uongo wa ugonjwa uache kabisa. Kadzo atajua kwamba haumwi, na kitakachombaki moyoni ni kwamba Mekatilili ni jambo la kufichwa. Katika ukoo wenu jambo hilo limeshafichwa mara moja, pale bwenini, na unaona mwenyewe lilivyokukaa miaka yote hii.

Nilipofika kwenye unga wa ngano niliiweka barua chini. Shule inamtia mtoto mvi za unga ili afanane na Mekatilili, na kule Ganze mwanamke mwenye mvi za kweli anazifunika kwa dawa ili asiuawe. Yaliyo mabaya kwenye sherehe hiyo nayaona yote hapo, kuliko kwenye nailoni. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa, wengine wamekimbia makwao kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukilifunua hilo neno "uchawi" unakuta chini yake shamba ambalo watu wanataka kuligawana au kuliuza. Huko kwenu Ganze, Kaya Godoma, kuna mahali wanapohifadhiwa wazee waliookoka. Hawe wako hakutishwa na ndoto.

Sasa mtazame Mekatilili mwenyewe. Alikuwa mjane, mtu mzima aliyekwisha kulea. Umri na ujane ndivyo vilivyompa nafasi ya kusimama akasema mbele ya wazee. Hata jina tunalomwitia si lake la kuzaliwa. Yeye ni Mnyazi, na Mekatilili ni mama yake Katilili. Umetia sahihi barua yako "Mama Kadzo". Kwa Kigiriama wewe ni Mekadzo. Mwambie hivyo binti yako leo usiku, uone macho yake.

Ukimaliza hapo, mpe habari yenyewe, maana lile jibu lake la kofi si baya, ni dogo tu. Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimpeleka ofisa aitwaye Arthur Champion akakae kati ya Wagiriama. Alitumwa mambo mawili: kodi ya nyumba ikusanywe, na vijana wapatikane wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu huku pwani. Wagiriama walikuwa na mashamba yao wenyewe, hasa yale yenye rutuba ng'ambo ya Mto Sabaki, na biashara zao. Hawakuona kwa nini mtoto wao aache kulima kwao akamlimie mtu mwingine apate fedha za kumlipa huyohuyo kodi. Mtoto wa miaka 10 hesabu hiyo anaielewa. Mpigie kwa maharagwe mezani, maharagwe haya ya nyumba, haya ya mwenye shamba, umwone atakavyokasirika.

Mekatilili hakuwa na ofisi wala gazeti. Alikuwa na kifudu, ngoma ya wanawake ambayo watu waliizoea matangani. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiicheza, na watu wakimfuata. Ndiyo maana nakuambia huko kutingisha jukwaani kusikupite hivihivi: mwili wake ukicheza ulikuwa unaita mkutano. Watu wakakusanyika Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama msituni, wakala viapo, wanawake kiapo chao cha mukushekushe na wanaume cha fisi, kwamba hawatatoa kodi wala vijana. Na wakashika neno. Ofisa aliita vibarua, vibarua hawakuja.

Halafu kuna habari ya kuku, ambayo hawe ataisimulia vizuri kunishinda. Wazee husema kwamba katika baraza la Agosti 1913 Mekatilili alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia hayo ndiyo yatakayompata akigusa mtoto wetu mmoja. Kofi nalo husimuliwa, na kila msimulizi hulitia chumvi yake. Kwangu mimi kuku anatosha.

Tarehe 17 Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Itazame hiyo tarehe: ni siku tatu kabla ya Mashujaa, huenda ikaangukia wiki hiyohiyo Kadzo atakayopanda jukwaani. Na tarehe 20 yenyewe tunaikumbuka kwa ajili ya watu waliokamatwa mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, kwa hiyo zinakaribiana kwa tarehe na kwa maana. Januari 1914 Mekatilili na Wanje wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, mwanamke wa umri ule. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakatekwa, watu wakaamriwa kuyaacha mashamba yao ya ng'ambo ya Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena, akaachiliwa mwaka 1919, akarudi kwao akaishi miaka michache mingine. Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Malindi wamemsimamishia sanamu, mwaka 2010. Mkipata nafasi siku moja mpelekeni mtoto kote kuwili, ila kaburi kwanza.

Nije kwenye hando, kwa sababu swali la Kadzo linastahili jibu lake. Wagiriama hawakuvaa hando kwa kukosa nguo. Hando ni kitambaa kingi kuliko rinda la shule. Ni pamba nyeupe iliyokunjwa marinda madogomadogo, tabaka juu ya tabaka, ikafungwa kiunoni kwa kamba. Mwanamke aliyevaa hando akitembea unaona kwanza mwendo, kisha unamwona yeye. Kulikunja ni kazi ya siku, na aliyelikunja hujulikana kwa mkono wake kama fundi wa ukili anavyojulikana kwa mkeka. Mpe Kadzo hando la hawe alishike, uzito wake tu utamjibu. Waliomcheka dukani walicheka nailoni yenye mpira, hando hawajaliona.

Ninyi Wagiriama mna jambo la kumkumbuka mtu ambalo naliheshimu sana, nalo ni kigango. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifariki, watu wake humchongea mti, wakausimamisha, wakaumiminia tembo la mnazi, wakazungumza naye. Vigango vingi viling'olewa na wezi, vikauzwa, vikafika mpaka makumbusho ya Marekani, vikasimamishwa chini ya taa kama pambo. Ni mti uleule na nakshi ileile, ila pale hapana wa kuuambia habari za nyumbani. Ndivyo ninavyoliona hando hilo la shilingi 800. Mtoto amevikwa kigango cha ukumbini. Wewe unataka avae kile cha boma, chenye watu wa kusema nacho.

Kwa mwalimu nenda mwenyewe, kwa miguu yako, saa ya mapumziko, na usilipeleke jambo hili kwenye kundi la WhatsApp. Huyo ni mtu mwenye darasa zima mgongoni na tamasha aliloambiwa alitayarishe. Ukimwendea na lawama atajikunja, na mtoto ndiye atakayelipa. Mwendee na mkono uliojaa. Mwambie hando nitaleta mimi, la kweli, na mchezo wa dakika tano nimeshaufikiria, unahitaji watoto sita na kuku. Naomba unielewe, kuku wa kweli, mwenye vifaranga, aazimwe kwa jirani, afunikwe tenga mpaka wakati wake ufike. Mtoto mmoja awe Champion. Wengine wawe baraza. Kadzo aliinue tenga, aseme maneno mawili matatu kwa sauti yake. Shule nzima, hata wale wa gredi ya kwanza, watajua siku hiyo mama huyu alikuwa anakataa nini. Kile kitambaa cha chui mwombe kiachwe, si cha Wagiriama na hakuna anachokisema. Unga nao uachwe. Kadzo apande na nywele zake. Heshima ya mvi ataionyesha kwa namna atakavyomtaja hawe wake.

Wimbo usichague mwenyewe kwenye simu. Muulize hawe, kwa kuwa kifudu kina nyimbo za matanga, na yeye ndiye wa kukuambia upi watoto wanaweza kuuimba uani pa shule na upi uachwe ulipo. Akisema hakuna, basi hakuna, kuku na maneno vinatosha. Mwalimu akikataa yote haya, mtoto apite jukwaani kama walivyopanga, lakini apite na hando la nyumbani na akijua anabeba nini.

Kwa mume wako sina mengi. Si mtu mbaya, hajui tu. Mchukue mwende naye Ganze.

Maana ni lazima mwende, mwanangu, na mwende kabla ya siku yenyewe. Ile 800 ya kukodi iwe mwanzo wa nauli. Umeniandikia habari za mtoto, lakini karatasi nzima inamlilia bibi yako. Ulipokuwa kidato cha pili ulikuwa msichana mdogo kati ya wasichana waliokuwa na ndimi, mji mzima ukiwa umekufundisha kwamba "Mgiriama" ni jina la kumwitia mfanyakazi wa ndani. Sikuhukumu. Lakini alisikia, umesema mwenyewe, hatua mbili nyuma yako. Amelibeba bila kulitaja, na ameendelea kukupokea. Mkeshafika, mkishakula, keti chini karibu naye na umwambie, kwa Kigiriama si kwa Kiswahili: Hawe, siku ile nilisema wewe ni jirani. Nisamehe. Mwambie Kadzo akiwa hapo. Usimtoe nje. Mtoto anayekwenda kuwa Mekatilili mbele ya watu anahitaji kuona mtu mzima akisema kweli ngumu mbele ya mkubwa wake.

Kisha waulize kaka zako na baba zako wadogo maswali ya shamba. Hati iko kwa jina la nani? Nani amekuwa akizungumzia kuuza? Nani alimtia hawe hofu, na kwa maneno gani? Yaandike, na kama kuna tishio lipelekwe kwa chifu na kituo cha polisi likiwa na jina lako wewe uliyesoma, lisibaki mzigo wa mama wa miaka 80. Wanaotishia wazee huwapimia upweke. Wakijua kuna mjukuu Mombasa anayepiga simu kila jioni na kuja kila mwezi, hufikiri mara mbili. Mekatilili alisimama kwa ajili ya ardhi na kwa ajili ya watoto wa wenzake. Hawe anaogopa kwa ajili ya ardhi hiyohiyo. Hutapata mahali pengine pa kumwadhimisha panapokaribia hapo.

Na hiyo dawa ya nywele usimwambie aache. Ataiacha siku atakayojiona yuko salama, nayo ni kazi yenu, si yake.

Hando muombe, usilichukue tu. Akikubali, mlitoe sandukuni siku mbili kabla ya kurudi Mombasa. Msilifue, kama limekaa miaka, sabuni na maji vitayafungua marinda na hamtaweza kuyarudisha. Litundikeni kivulini penye upepo, harufu ya sanduku itoke. Asubuhi ya safari hawe amfunge Kadzo mwenyewe mara moja, polepole, na wewe shika kamba upande wa pili, ujifunze fundo, kwa sababu siku ya shule utakayemfunga ni wewe.

Shangazi